Naombeni mbinu ya kukariri anatomia haraka, nimebakiwa na wiki nne

MfupaWa207:
Wakuu, habari za muda huu. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Nasoma anatomia na fiziolojia, ile kozi ya mbio: mambo ya wiki 16 yanamalizwa kwa wiki 8. Mwili mzima, kuanzia seli mpaka uzazi. Nipo mwisho wa wiki ya nne. Mtihani wa kati nimepata 41, na kufaulu ni 60. Cha ajabu, majaribio ya kila wiki ya mtandaoni sijawahi kushuka chini ya 17 kati ya 20. Kwa hiyo kuelewa naelewa, shida ni kumbukumbu. Slaidi nazisoma mara tatu, mara nne, nimezipaka wino wa njano hadi hakuna mstari uliobaki mweupe. Nikikaa kwenye chumba cha mtihani, hamna kitu.

Kazi yangu ni ya usiku na nina mtoto mdogo. Naombeni mbinu ya kukariri. Matusi sitaki.

Mzee wa Zamu:
Anatomia bila kukaza msuli haiwezekani, na hapo sijatania. Mimi miaka hiyo nilikuwa nakesha, miguu kwenye beseni la maji baridi ili nisisinzie. Nilifaulu. Ila hadi leo nikiona beseni nakumbuka mfupa wa paja.

Bint Makini:
Pole dia. Tengeneza vifungo vya maneno, usimeze orodha kavu. Mfano wangu: "kulia tatu, kushoto mbili". Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Vali kati ya vyumba vya kulia vya moyo ina mapazia matatu, ya kushoto mawili. Maneno manne, mambo manne. Sijayasahau hadi leo na nilishaacha mambo ya afya zamani, nafanya biashara.

SioMimi:
Nimeweka kambi hapa. Nasubiri wajuzi.

Kalamu Nyekundu:
Nimefundisha somo hili kwa muda. Swali moja kabla ya ushauri: hayo majaribio ya mtandaoni unayafanya slaidi zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa?

MfupaWa207:
Mkuu, kwani hilo linahusiana vipi na kukariri? Mbinu tu ndiyo naomba.

Kalamu Nyekundu:
Zimefungwa au zimefunguliwa?

MfupaWa207:
Zimefunguliwa. Lakini sheria haikatazi, na darasa zima tunafanya hivyo.

Mzee wa Zamu:
Aaah. Kumbe 17 ni za slaidi, 41 ndiyo zako.

Kalamu Nyekundu:
Sikulaumu. Ila umekuwa ukipima kasi yako ya kutafuta jibu ukadhani unapima kumbukumbu. Kusoma tena na tena kuna ulaghai wake: maandishi yanazoeleka machoni, unadhani yameingia kichwani. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojijaribu bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojijaribu waliwaacha mbali. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Na swali la pili. Umesema "shida ni kumbukumbu" kama mtu anayelijua tatizo lake tangu zamani. Hii kozi unaifanya mara ya ngapi?

SioMimi:
Kalamu Nyekundu ni polisi huyu, si mwalimu 😂

MfupaWa207:
Sikutaka kulisema kwa sababu najua mtanirukia. Ni mara ya pili. Na chuo kinaruhusu mara mbili tu. Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kujitoa bila alama kuandikwa kwenye rekodi.

Lakini kujitoa siwezi, msinishauri hilo. Nimeshaomba likizo ya wiki mbili kazini. Na nyumbani mume wangu anajua nilifaulu mara ile ya kwanza. Anaamini sasa nipo kwenye somo linalofuata, na kwamba muhula ujao naomba nafasi ya uuguzi. Nikijitoa itabidi nieleze najitoa kwenye nini.

Bint Makini:
Weee! Kwa hiyo si mbinu ya kukariri unayotafuta.

Mzee wa Zamu:
Kumbe ni dada, nami moyoni nilishamwita kijana. Dada yangu, mke wangu aliwahi kunificha kwamba amefeli mtihani wa leseni ya udereva. Miezi minane! Alikuwa anaegesha gari mbali anarudi kwa miguu, mimi nikidhani anafanya mazoezi. Nilipojua nilicheka hadi nikakaa chini. Mwambie tu.

Mcha Mungu:
Uongo hauna miguu mirefu. Ndoa haijengwi juu ya cheti. Kwanza tengeneza nyumba yako, hayo ya mifupa yatafuata.

MfupaWa207:
Asante, lakini sikuleta ndoa yangu hapa. Nimeleta anatomia.

Nahodha:
Jamani, mnakunywa chai na hamjui. Akaunti imefunguliwa juzi. Jina "MfupaWa207" wakati mtu mzima ana mifupa 206, yaani hata jina ni la kutungwa. Anafanya kazi usiku, lakini uzi kaufungua saa nane usiku na anajibu kila mtu. Mume haoni matokeo, mtoto halii. Subirini ukurasa wa pili: atatokea "mdau" mwenye PDF ya siri, nitumie ujumbe, lipa kidogo. Nimeziona nyuzi hizi kumi.

SioMimi:
Nahodha kaamka. Hata mimi hiyo ya mume nimeitilia shaka.

MfupaWa207:
Napost saa nane usiku kwa sababu NIPO KAZINI saa nane usiku. Jina ni utani, mfupa wa 207 ni ule unaokwama kooni ukiitwa na mkufunzi. Sina PDF. Ningekuwa na PDF ningeisoma.

Nahodha:
Sawa. Kama kweli umesoma hili somo mara moja na nusu, jibu bila kutafuta: ateri ya mapafu inabeba damu ya aina gani?

MfupaWa207:
Yenye oksijeni. Ateri zote zinabeba damu safi, vena ndiyo zinarudisha damu chafu.

Nahodha:
CHAI. Ya rangi, haina hata maziwa. Mods fungeni uzi.

Kalamu Nyekundu:
Hapana, Nahodha. Umenishawishi kinyume. Mtu anayetunga angetafuta jibu kwa sekunde kumi akaja na sahihi. Kosa hili nalisahihisha kila muhula, na wanaolifanya ni wanafunzi wenye bidii.

Dada, sikiliza. Umekariri kwamba ateri ni damu yenye oksijeni. Si hivyo. Ateri ni mshipa unaotoka kwenye moyo, vena ni unaorudi kwenye moyo, basi. Upande wa kulia wa moyo unapeleka mapafuni damu iliyokwisha kutumika, kwa hiyo ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo. Vena za mapafu zinarudi upande wa kushoto zikiwa na damu iliyojaa oksijeni. Ungekuwa umewahi kuichora hiyo njia kwenye karatasi tupu, slaidi zimefungwa, usingekosea. Mshale ungekataa.

Kumbukumbu yako ni nzima, imeshika kitu kisicho sahihi na haikiachii. Jaribu na hili, kwa kuwa figo ulizifika mara ya kwanza: figo huchuja lita ngapi kwa siku, na mkojo ni lita ngapi?

MfupaWa207:
180 kwa siku. Mkojo kama lita moja na nusu. Hilo nalijua.

Kalamu Nyekundu:
Zilizobaki zimekwenda wapi?

MfupaWa207:
...

Halikuwa kwenye slaidi.

Mpiga Darubini:
😂😂 Samahani dada, sikucheki wewe, najicheka mimi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kilichonikomboa ni William Harvey, daktari Mwingereza wa zamani. Wakati wake wengi waliamini damu inatengenezwa kwenye ini na kuishia mwilini. Yeye akakadiria moyo unasukuma damu kiasi gani kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo, akaona ndani ya nusu saa tu kinapita kiasi ambacho mwili hauna. Basi lazima iwe ile ile inazunguka. Alitangaza hoja hiyo mwaka 1628, kabla hata mtu hajaiona mishipa midogo kabisa inayounganisha ateri na vena. Tangu hapo kila namba ya fiziolojia naiuliza: imetoka wapi, inakwenda wapi. Majina ya mifupa nayagusa mwilini mwangu nikiwa kwenye foleni. Watu wananiona kichaa.

Kalamu Nyekundu:
Mpiga Darubini kanisaidia. Dada, fanya hivi. Ukitoka zamu, lala kwanza. Usifungue kitu, usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma. Ukiamka, karatasi tupu, mada moja, chora ulichonacho kichwani hata kama ni aibu. Halafu ndiyo ufungue slaidi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu (ndiyo, jina langu limetoka huko). Kesho yake rudia ile ile kabla ya kuanza mpya. Fiziolojia ifuate kwa "halafu?". Umesimama ghafla, shinikizo la damu limeshuka, halafu? Vihisio kwenye ateri za shingo vimepeleka habari kwenye ubongo, halafu? Moyo umeongeza mwendo, mishipa imebana. Ukikwama kwenye "halafu", hapo ndipo pa kusoma. Kwingine achana napo.

Kuhusu Ijumaa: fanya mada nne kwa njia hii kuanzia leo. Alhamisi usiku jipe mtihani wa zamani, simu iwe chumba kingine. Ukipata chini ya 50, jitoe. Kwa mbio hizi siku moja ukipoteza ni kama umepoteza mbili, na mara ya tatu huna.

MfupaWa207:
Nimeelewa. Lakini sijitoi.

Mcha Mungu:
Na mumeo?

Nahodha:
Mume hayupo. Narudia, mume hayupo.

MfupaWa207:
Mrejesho, Ijumaa asubuhi. Alhamisi usiku nilipata 57. Nimebaki kwenye kozi, nimechagua mwenyewe, msimlaumu Kalamu.

Fomu ya kujitoa nilikuwa nimeijaza, nikaiacha mezani nikaenda kazini. Nimerudi nikamkuta ameisoma. Hakupiga kelele. Ameniuliza: "Sasa hizi figo unazozibandika kwenye friji wiki nzima, nilidhani za nini kama ulishafaulu?" Kumbe alijua tangu mara ya kwanza. Barua ya matokeo niliificha kwenye droo ya soksi zake.

Mzee wa Zamu:
DROO YA SOKSI ZAKE 😂😂😂 nimekufa.

Nahodha:
Chai ya pili hii, ila tamu. Hizo figo za friji, unaweza kuzipiga picha ukanitumia? Mdogo wangu ana mtihani.

Kalamu Nyekundu:
Dada, kabla hujalala. Zile lita 178.5?

MfupaWa207:
Zinarudi kwenye damu. Karibu theluthi mbili zinarudi kwenye kipande cha kwanza tu cha mrija. Plazima yote, yaani majimaji ya damu bila seli, ni kama lita tatu, kwa hiyo inachujwa mara 60 kwa siku. Nisipozirudisha nakauka kabla ya zamu kuisha.

Kalamu Nyekundu:
Mililita 70 kwa pigo, mapigo 72 kwa dakika. Bila kikokotoo.

MfupaWa207:
5,040. Lita tano, karibu damu yote niliyonayo. Kwa dakika moja? Kumbe ndiyo maana yule mzee wa 1628... Ngoja nilale.