Louisville: tumwombe nini diwani kuhusu risasi hizi?

Mama wa Ghorofa ya Pili

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo, hasa kwa wenyeji wa hapa Kentucky.

Kwenye apatimenti zetu risasi ilipenya ukuta wa jirani yangu, ikapita juu ya sinki, ikaishia ndani ya mlango wa friji. Jikoni hapakuwa na mtu, Mungu ni mwema. Polisi walikuja, wakaokota maganda nje, wakaandika, wakaenda zao. Meneja akaleta fundi akaziba tundu na kupaka rangi, na hata hiyo rangi haikufanana.

Sasa sisi akina mama tumeanzisha kikundi. Wakongo ndio wengi, kuna Warundi, kuna Wasomali, na bibi mmoja Mmarekani ambaye ndiye mkali kuliko sote. Diwani amekubali tuonane naye. Kundi moja linataka tudai bunduki zipigwe marufuku Louisville. Lingine linataka jiji linunue bunduki za watu na kuziteketeza. Halafu wapo wanaosema tunyamaze kwa sababu wengi wetu bado si raia. Nimechaguliwa kuongea na sijui niseme nini.

Dereva wa Usiku

Pole dada. Lakini mnajichosha bure. Hii ni Kentucky. Tangu 2019 mtu akifika miaka 21 na sheria haimzuii kumiliki silaha, anaificha bastola kiunoni na kutembea nayo bila kibali. Abiria wakiinama kufunga mkanda naziona. Tafuteni nyumba kwingine.

Mkalimani wa Zamani

Kwingine wapi, kaka? Deposit ya apatimenti mpya utawalipia wewe?

Mama wa Ghorofa, pole na hongera kwa pamoja. Nimekalimani hospitalini, mahakamani na kwenye vikao vya jiji kwa miaka mingi, kwa hiyo nakuambia ya huko.

Ukimwomba diwani sheria ya bunduki, unamwomba kitu ambacho hana. Sheria za Kentucky, kifungu 65.870, zinazikataza serikali za miji na kaunti kujitungia kanuni za kumiliki, kubeba au kuuza bunduki. Mwaka 2012 bunge la jimbo likakikaza kifungu hicho, hata mwananchi akaweza kulishtaki jiji likikiuka. Nimeshuhudia watu wazima na uchungu wao wakitumia muda wote waliopewa kudai marufuku. Diwani anatikisa kichwa kwa huruma, anasema asante, anaita anayefuata. Hadanganyi. Mikono yake imefungwa kweli.

Hilo la kuteketeza nalo ulichunguze kabla hujalisema. Kwa sheria ya hapa, silaha iliyotaifishwa haisagwi. Inapelekwa kwa Polisi wa Jimbo, nao wanaipiga mnada kwa wafanyabiashara wenye leseni, na sehemu ya fedha inanunua fulana za kuzuia risasi za polisi. Ndiyo, soma tena ukitaka. Meya Craig Greenberg, ambaye mwaka 2022 akiwa mgombea alipigiwa risasi ofisini kwake na moja ikachana sweta yake, alipoingia madarakani mwaka 2023 aliamuru pini ya kufyatulia ing'olewe kabla bunduki hazijakabidhiwa. Hapo ndipo nguvu za meya zilipofikia. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Aprili 2023, kijana aliwaua watu watano kwenye benki katikati ya mji kwa bunduki aliyoinunua kihalali siku sita kabla, na sheria ikasema bunduki ile ile nayo iende mnadani. Kwa hiyo kabla hamjadai jiji linunue bunduki, muulizeni mwanasheria wa jiji zitaishia wapi.

Alichonacho diwani ni bajeti. Mwaka wa fedha wa Louisville unaanza tarehe 1 Julai. Meya anasoma makadirio mwishoni mwa Aprili, baraza la madiwani 26 linapiga kura Juni. Ukienda Septemba utapata chai. Nenda kabla ya Aprili, na uwe na ombi lenye bei.

Ningekuwa nyie ningeomba watu wa kutuliza visasi. Mfano unaojulikana zaidi ulianzia Chicago mwaka 2000. Aliyeuanzisha ni Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya mlipuko aliyekuwa amefanya kazi Somalia na Uganda, akaona risasi zinasambaa kwa kuambukizana: huyu kapigwa, ndugu yake analipiza, wa upande ule nao wanajibu. Wanaoajiriwa si maprofesa. Ni watu waliowahi kuwa kwenye hayo mambo, wanaojulikana mtaani, wanaoweza kumpigia kijana simu saa nane usiku na akapokea. Sikufichi, matokeo hayakuwa sawa kila mji. Palipo na fedha za kusuasua, watu wanaajiriwa leo na kuachishwa baada ya mwaka, na uaminifu unakufa nao.

Njia ya pili ni hospitali, na hii nimeiona kwa macho. Kijana yuko chumba cha upasuaji. Mama yake anaulizwa maswali na polisi kabla hata hajaambiwa kama mtoto yu hai. Korido imejaa binamu na marafiki, vichwa vimeinamia simu, majina yanatajwa kwa sauti ya chini, na mimi nasikia yote kwa sababu wanadhani aliyevaa beji haelewi Kiswahili. Saa ile ndiyo mtu wa kuzuia vurugu anatakiwa awe pale, si wiki ijayo na kipeperushi. Miji kadhaa ya Marekani ina programu za namna hii. Oakland walianza miaka ya 1990. Louisville nayo imejaribu njia zote mbili.

Kwa hiyo msiombe programu mpya. Ombeni iliyopo iajiri watu wanaoongea Kiswahili na Kikinyarwanda, mshahara wa mwaka mzima, na ionyeshwe kwenye bajeti. Mkiomba hivyo diwani hana pa kukimbilia.

Mama wa Ghorofa ya Pili

Shikamoo mama. Nimemsomea mwenzangu mmoja kwa simu tukabaki kimya. Maswali mawili tu. Kama si raia naruhusiwa kusimama pale? Na mchungaji anatunyima ukumbi wa kanisa, anasema serikali itamfutia msamaha wa kodi.

Mkalimani wa Zamani

Marahaba. Kupiga kura ni kwa raia. Kumweleza diwani shida yako hakuhitaji pasipoti ya Marekani. Haki ya kupeleka malalamiko serikalini imo kwenye nyongeza ya kwanza ya Katiba. Ila siku hizi watu wana hofu na siwalaumu. Mwenye kesi ya uhamiaji aongee kwanza na mwanasheria wake, na asisukumwe mbele ya kamera ili kikundi kipendeze. Bibi yenu Mmarekani mkali si yupo? Mpeni maiki.

Mchungaji amechanganya mambo mawili. Kanisa lenye msamaha wa kodi halitakiwi kumpigia debe mgombea wala kumpinga. Kuzungumzia sera, hata kutetea mswada kwa kiasi, si kosa. Ukumbi wenu ni halali kabisa, mradi asitokee mtu wa kugawa fulana za kampeni.

Baba Askari

Mimi ni mlinzi, nina bastola yangu, nimeilipia na nimejifunza kuitumia. Nasoma hapa naona kama mnazunguka tu, mwisho wake mje kutunyang'anya tusio na hatia. Mwenye kupiga risasi ukuta wa mtu hana kibali wala hajali sheria. Na Katiba inayotupa haki ya kumiliki silaha je?

Mkalimani wa Zamani

Baba Askari, afadhali umelitoa. Hakuna aliyetaja bastola yako. Ila nikuulize: ukirudi zamu asubuhi unaiweka wapi?

Sikuulizi kwa ubaya. Mwaka 2023 watu wapatao 46,700 walikufa kwa bunduki nchi hii, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Mauaji yalikuwa kama 18,000. Kwetu jambo hili halisemwi, msibani tunaambiwa "aliugua ghafla". Nimekaa na familia za namna hiyo, na silaha ilikuwa ya baba, kabatini, juu ya masanduku, mahali ambapo kila mtu nyumbani alikuwa anapajua. Kentucky haina sheria inayokulazimisha kuifungia ndani. Kwa hiyo hilo tunalazimishana wenyewe. Kufuli la waya linalopita kwenye chemba ya bastola hugawiwa bure na vituo vingi vya polisi na idara za afya. Akina mama, kabla mtoto hajaenda kulala kwa rafiki, ulizeni kama kuna bunduki na imefungiwa wapi. Mnauliza kama kuna mbwa, hili linawashinda nini?

Kuhusu Katiba: Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi, majaji wanane kwa mmoja, kwenye kesi ya Rahimi, ilisema mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia usalama wa mwenzi wake anaweza kuzuiwa kuwa na silaha. Na ukivuka mto tu hapo, Indiana, tangu 2005 polisi wanaweza kuchukua silaha za mtu aliye hatari kwake au kwa wengine, kisha jaji anasikiliza pande zote. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Jake Laird, askari wa Indianapolis aliyeuawa mwaka 2004. Indiana si jimbo la wachukia bunduki.

Hapa kwetu mswada unaofanana na huo unaitwa CARR. Mwaka 2024 ulibebwa na seneta wa Republican, Whitney Westerfield, haukufika hata kwenye kura. Huo si wa diwani, ni wa Frankfort, makao makuu ya jimbo. Bunge la jimbo hukaa siku 60 kwenye mwaka wa shufwa na siku 30 kwenye mwaka wa witiri, kuanzia Januari, basi. Ukichelewa mwezi mmoja, umechelewa mwaka.

Baba Askari

Naiweka chini ya godoro. Watoto hawaingii chumbani kwetu.

Dereva wa Usiku

Baba Askari, watoto wanaingia.

Baba Askari

Sawa, nimewasikia. Hilo kufuli ni lazima nioneshe karatasi ya bastola?

Mkalimani wa Zamani

Kwa kawaida hawakuulizi chochote. Piga simu kwanza uhakikishe wanalo.

Mama wa Ghorofa ya Pili

Nimeandika haya ya kumwambia diwani, naomba myakosoe:

"Sisi ni wakimbizi tuliokimbia vita, na tunaishukuru sana Marekani kwa kutupokea. Risasi iliingia kwenye jiko la jirani yetu. Tunaomba kwenye bajeti ijayo mtenge mishahara ya watu wawili wanaoongea Kiswahili na Kikinyarwanda, wafanye kazi mtaani na hospitalini, kwa mwaka mzima. Tunaomba pia makufuli ya bunduki yagawiwe kwenye ofisi za apatimenti, na maelezo yake yawe kwa lugha zetu. Tutarudi Juni siku ya kura."

Mkalimani wa Zamani

Ondoa sentensi ya kwanza yote. Mnalipa kodi, hamkwenda kushukuru. Anza na friji, na upeleke picha ya ule mlango kabla hawajaubadilisha. Nyingine acha zilivyo.