Naomba ushauri: sakafu ya pembenane, nipime upande au upana?

Wakuu, naombeni msaada. Sakafu ya kibanda cha bustani ni pembenane, kila upande mita 1.5. Nimeigawa pembetatu pacha 8 kutoka katikati, kila moja ina nyuzi 45 pale kati. Kimo chake ni 0.75 ÷ tan 22.5° = mita 1.81. Zidisha kwa nusu ya mzingo, yaani 6, unapata mita za mraba 10.86.

Fundi kapata 11.76. Alivuta tepu kutoka katikati hadi kwenye kona (1.96) badala ya kwenye kati ya upande, ndipo ilipotoka ile ziada ya 0.9. Kikokotoo nacho kikiwa kwenye rediani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi kinakupa 8.07 bila aibu.

Sasa saiti pande zinacheza kati ya 1.48 na 1.52, na sina hakika kama kona zote ni nyuzi 135. Nichukue wastani wa pande, au nipime upana, upande hadi upande unaotazamana nao (3.62), mara nne, kisha 0.828 × upana × upana?

Na vigae vya sentimita 40 kwa 40: hesabu kavu ni 68. Kwa mikato ya mishazari niongeze asilimia ngapi?