Tenshutsu, siku 14, na yule mbweha wa Inari

Salim, Kyoto:
Wakubwa shikamooni. Nimehamia hapa kutoka Nagoya, leo nimeenda kuyakusho (ofisi ya wilaya ya jiji) na zairyu kado (kadi ya ukaazi) wamenirudisha, eti sina tenshutsu shomeisho, cheti cha kuhama kutoka Nagoya, na siku 14 za kuandikisha anwani mpya zinaisha Ijumaa. Naweza kuiagiza kwa posta au lazima nirudi kuifuata? Nimetoka pale kichwa kinauma nikashuka stesheni ya Inari, nikakaa kwenye ile otera (hekalu) ya mungu mbweha.

Bi Rehema, Osaka:
Marahaba mdogo wangu, pole. Mimi nyukan (uhamiaji) walinizungusha miezi mitatu kwa karatasi moja ya mwajiri. Ila mbweha sio mungu jamani! Ni tarishi tu. Wanaoabudiwa pale Fushimi Inari, hapo ulipokaa, ni miungu watano, mkubwa wao Ukanomitama, wa mpunga na chakula, halafu Sadahiko, Omiyanome, Tanaka na Shi. Mtazame mbweha wa getini mdomoni, utaona ufunguo, ule wa ghala la mpunga.

Baba Neema, Kobe:
Na sio otera, otera ni ya Kibudha, ile ni jinja, ya dini ya Shinto. Ina miaka zaidi ya 1300, ilianza 711, na walioianzisha ni ukoo wa Hata ambao asili yao wageni, walivuka bahari kutoka upande wa Korea. Wanasimulia Hata no Irogu alilenga mochi (keki ya mchele) kwa mshale, ile mochi ikageuka ndege mweupe ikarukia mlimani, yule ndege alipotua mpunga ukaota. Kila nikipita pale nawaza, wageni kama sisi ndio walioanzisha.

Bi Rehema:
Sawa Baba Neema, lakini vijana wasidhani lile jengo kuu ni la 711. Liliteketea 1468 kwenye vita vya Onin, vya wenyewe kwa wenyewe, la sasa ni la 1499.

Mwana wa Kyela, Saitama:
Mmenikumbusha bibi yangu, kabla ya kupanda alikuwa anamwaga punje kiganja kimoja pembeni ya jaruba, ananong'ona majina ya wazee waliotangulia, sisi watoto tumenyamaza kimya matope magotini. Nilipoona yale matorii mekundu (mageti ya jinja) pale Fushimi Inari, nyuma ya kila nguzo jina la aliyetoa na tarehe, nilimlilia bibi palepale.

Baba Neema:
Wengi wao wafanyabiashara, miungu wa Inari wanawaomba na biashara pia. Hivi mchele wa Kyela huku unapatikana wapi?

Salim:
Ahsanteni sana wakubwa, nitapanda tena nimtazame huyo wa ufunguo. Ila tenshutsu, posta wanakubali? Ijumaa ndio mwisho.