MJADALA: Nani alipe nauli ya anayehesabu saruji ya serikali?

Wakuu, habari za jioni.

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na Julai shirika la USAID likafungwa, huku kandokando ya Ziwa Victoria wengi waliwaza dawa za kufubaza VVU. Walikuwa na haki. Ila kijijini kwetu, upande wa Sengerema, kuna kingine kilichokufa bila tanzia: kamati ya wananchi ya kufuatilia fedha za umma.

Nilikuwa mjumbe. Tulikuwa saba. Asasi moja ya mjini Mwanza, kwa fedha hizo za Marekani, ilitufundisha siku tatu, ikatupa daftari, futi kamba, na nauli ya shilingi elfu tano kila tukitoka. Siku moja tukaibukia kwenye jengo la zahanati. Karatasi zinasema mifuko 120 ya saruji. Tukahesabu mifuko mitupu pale stoo, 74. Fundi akasema iliyobaki ililowa. Mvua gani mwezi wa saba? Tukalipeleka suala kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria huitishwa kila miezi mitatu, na siku hiyo hata akina mama wa dagaa waliacha vichanja vyao wakaja. Wiki mbili baadaye saruji iliyolowa ikapatikana, kavu kabisa.

Mradi ulipoisha, nauli ikaisha, na kamati nayo. Hakuna aliyetukataza. Nani aache nyavu akahesabu saruji bure?

Sasa kazi hii ailipie nani? Mimi nasema fedha ya nje ije, kwa sharti litakalowaudhi rafiki zangu wa asasi: bajeti ya mradi ibandikwe kwenye ubao uleule tunaomtaka mtendaji wa kijiji abandike mapato na matumizi. Miaka miwili nimefuatilia saruji bila kujua andiko la mradi wetu wenyewe lilikuwa la shilingi ngapi. Nilichokiona ni elfu tano yangu na gari jeupe.

Mchangiaji, Ilemela: Mkuu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Daraja la Kigongo–Busisi limejengwa kwa fedha za ndani, likafunguliwa Juni 2025. Tumeweza kuvuka ziwa kwa pesa yetu, tushindwe nauli ya watu saba? Mfadhili leo anataka katiba, mwakani tabianchi, na asasi zote bendera tu, upepo ukigeuka nazo zinageuka.

Mchangiaji, Nansio: Yaani serikali ilipe, halafu mtendaji ndiye amsainie nauli anayekuja kumkagua? Utasubiri mpaka sangara aoze. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, analipwa na serikali na bado anaikagua, sawa, lakini yeye ana Ibara ya 143 ya Katiba nyuma yake. Mjumbe wa kijiji ana futi kamba. Na serikali yenyewe inapokea misaada kila mwaka, mbona hiyo haiitwi nguo ya kuazima?

Mchangiaji, Kirumba: Nipo kwenye asasi, nijitetee. Kanuni za asasi za 2018 zilishatutaka kutangaza fedha zinazozidi milioni 20. Lakini mshahara wangu ukibandikwa pale mwaloni, kesho nina wakopaji arobaini mlangoni.

Mleta mada: Wa Kirumba, hao arobaini ndio mtendaji anaishi nao. Mshahara wako kaa nao, bandikeni nauli, mafunzo na mafuta ya gari. Nansio, hapo kwa mtendaji umemaliza. Wa Ilemela, hoja yako imeniuma kidogo, maana nauli ya watu saba kweli si mlima. Juzi tumekaa watatu wa kamati ya zamani, tukasema kila mtumbwi ukitua utoe mia tano, turudi kazini. Mwenye mtumbwi wa kwanza tuliyemfuata akatoa hela, akaishikilia, akauliza: "Na hii mia tano, nani ataikagua?"

Bado hatujampa jibu. Karibuni.