Mapambo ya unga yanapasuka na Krismasi imebaki siku nne, naombeni msaada

Shanga_Moja (mleta uzi): Wakuu, salamu. Natengeneza na watoto mapambo ya Krismasi ya unga na chumvi: nyota, kengele, malaika. Wana miaka 4 na 7. Nyota zinapasuka katikati zikikauka, malaika mmoja kavimba kama kaumwa na nyuki. Nakosea wapi? Nijibuni haraka, usingizi sina.

Mkasi Butu: Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji yasifike kikombe 1, tia kidogo kidogo. Kanda mpaka usinate mkononi, sukuma unene wa nusu sentimita. Oveni nyuzi 100 hadi 120, saa 2 au 3, geuza katikati. Kinachopasua ni moto mkali: nje kumekauka, ndani kubichi. Huyo malaika aliyevimba, nahisi ulitumia unga uliotiwa hamira tayari. Tundu la uzi toboa kwa mrija mapema, likishakauka umechelewa.

Bibi Vifungo: Achana na unga mwanangu. Minyororo ya karatasi! Kata vipande, kunja pete, gundi, pitisha pete nyingine ndani yake. Mtoto wa miaka 4 anaweza. Wangu alitengeneza mmoja mrefu kuliko sebule, baba yao akajikwaa nao akiwa amebeba keki. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu, ila kipande cha ule mnyororo ninacho kabatini.

Kengele Kimya: Watoto wanajua kukata malaika, waulize Luka 2 inasema nini. Krismasi imekuwa mapambo tu.

Pilipili Kavu: Malaika kaumwa na nyuki 😂😂 mwacheni hivyohivyo, ndiye atakayekumbukwa.

Mkasi Butu: Kuna kitu sijaelewa. Kazi ya mtoto wa miaka 4 lazima ipinde, ndiyo utamu wake. Sasa wewe unakosa usingizi kwa lipi? Watoto wanakata nyota usiku?

Shanga_Moja: Mchana wanatengeneza wao. Usiku nayarudia machache, yale yaliyopinda mno. Nakata mapya, napaka rangi, naandika majina yao nyuma. Tuna mgeni, sitaki akute vitu vya ajabu vimening'inia. Sijamdhuru mtu.

Mkasi Butu: Na wao hawajagundua?

Shanga_Moja: Mkubwa aliiona nyota yake kwenye ndoo ya taka Jumanne. Nikamwambia ilivunjika. Hakulia. Ila tangu siku hiyo nikimwita mezani anasema mikono inamuuma. Kwani kauongo kama hako kana ubaya gani? Nilikuwa namlinda.

Pilipili Kavu: Miaka 7 na tayari anajua kuomba ruhusa ya ugonjwa. Huyo mtumishi kabisa.

Jicho Kavu: Jamani simameni kwanza. Mleta uzi, mwezi wa 3 uliandika humuhumu kwamba huna mtoto, una paka tu. Leo una wa miaka 7? Chai hii.

Pilipili Kavu: Na picha hata moja hakuna. Nilishtuka mapema, nikanyamaza.

Bibi Vifungo: Na mimi nimeshamwaga siri ya ndevu za mwanangu bure!

Mkasi Butu: Chai au si chai, huyo paka asisogezwe karibu na ule unga. Chumvi yake ni sumu kwa paka na mbwa.

Shanga_Moja: Si chai. Ni watoto wa mume wangu, tunaishi nao tangu mwezi wa 8. Mgeni ni mama yao. Anakuja mkesha. Yeye ni fundi, nguo zao zote alishona mwenyewe. Nilitaka akiingia aone wako kwa mtu anayeweza.

Jicho Kavu: Unazidi kukoroga. Picha.

Mkasi Butu: Dada, kama ni kweli, mama huyo anaujua mkono wa mwanawe. Ukimpa nyota iliyonyooka yenye jina la mtoto nyuma, atajua papo hapo nani kaikata.

Shanga_Moja: Lakini nimeshamaliza 19. Rangi imekauka. Nizitupe?

Bibi Vifungo: Usitupe. Futa majina yao, andika lako. Zitundike zote, zilizonyooka na zilizopinda.

Kengele Kimya: Na mtoto umwombe radhi. Hilo halihitaji oveni.

Shanga_Moja: Nyota yake niliitoa ndooni usiku uleule. Ncha moja imekatika. Inaungika?

Mkasi Butu: Inaungika. Koroga unga kidogo na maji mpaka uwe mzito kama gundi, paka pande zote mbili, bana, kausha taratibu. Ila usiiunge wewe. Mpelekee mwenyewe ikiwa imekatika hivyohivyo.

Shanga_Moja: Amelala.

Mkasi Butu: Kesho ipo.

Jicho Kavu: Bado nasubiri picha.