Masasisho ya Windows yanakula diski zetu, halafu yanatuficha sababu ya kushindwa

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Kwa muda mrefu tumefundishwa kuamini kwamba sasisho likigoma, mwenye makosa ni mwenye kompyuta: amejaza picha, amejaza filamu, hajui kutunza mashine yake. Nakataa. Mfumo endeshi unajua vizuri umekosa nafasi kiasi gani na umeikosa wapi, lakini badala ya kumwambia mtu kwa maneno yanayoeleweka, unamrushia namba ya hitilafu na kumwacha ahangaike nayo.

Anayedhani natia chumvi akumbuke sasisho la KB5034441 lililotolewa Januari 2024 kwa watumiaji wa Windows 10. Lilikuwa sasisho la usalama, la kuziba udhaifu uliomwezesha mtu mwenye kompyuta mkononi kukwepa ulinzi wa BitLocker, yaani usimbaji unaofunga data za diski, kwa kupitia mazingira ya urejeshaji, yaani mfumo mdogo wa kutengeneza Windows ikigoma kuwaka, na kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba lilihitajika. Ili liingie, lilitaka megabaiti 250 za nafasi tupu ndani ya patisheni ya urejeshaji, yaani kipande cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo, ile iliyofichwa ambayo mtumiaji wa kawaida haioni wala hakuombwa maoni ilipotengwa. Kwenye kompyuta nyingi patisheni hiyo ilikuwa ndogo mno, na ukubwa wake ulipangwa na programu ya usakinishaji yenyewe. Matokeo yake yakawa hitilafu 0x80070643, ambayo haisemi lolote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindwa. Microsoft yenyewe ilikiri kwamba kulikuwa na kasoro katika kushughulikia namba za hitilafu, na kwamba ujumbe uliostahili kuonekana ni ule wa kukosa nafasi ya diski.

Fikirini maana yake. Mtu ana gigabaiti 100 tupu kwenye diski C, anaambiwa usakinishaji umeshindwa, anafuta faili zake, anawasha kompyuta upya, anajaribu tena, na hitilafu ni ileile, kwa sababu nafasi inayotakiwa haiko huko anakofuta. Na dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Mtumiaji afungue dirisha la amri akiwa na mamlaka ya msimamizi, azime mazingira ya urejeshaji kwa reagentc /disable, kisha aingie kwenye diskpart, zana ya kugawa diski kwa amri za maandishi, apunguze patisheni ya mfumo, aifute ile ya urejeshaji na kuiunda upya. Diskpart haiulizi mara mbili. Ukichagua namba ya patisheni isiyo yake na kuandika amri ya kufuta, imefutwa, pamoja na kila kilichokuwamo. Kazi ya namna hiyo hukabidhiwa fundi mwenye nakala rudufu mkononi. Hapa walikabidhiwa watu ambao kosa lao pekee ni kukubali sasisho la usalama. Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba kwa Windows 10 hakutakuwa na suluhisho la kujiendesha lenyewe. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Sasa tuje kwenye kompyuta mpakato za bei nafuu, maana huko uonevu ni mkubwa zaidi. Windows 11 inataka hifadhi ya gigabaiti 64 kwa uchache, na wauzaji wanaitumia namba hiyo kama kibali cha kuuza mashine zenye gigabaiti 64 kamili, mara nyingi zikiwa za aina ya eMMC, yaani chipu ya hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, isiyobadilishwa. Gigabaiti hizo 64 zilizoandikwa kwenye boksi zinaonekana kama 59.6 ndani ya mfumo, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa elfu na mfumo unahesabu kwa 1024. Hapo ondoa mfumo wenyewe, ondoa takriban gigabaiti 7 ambazo tangu toleo la 1903 la mwaka 2019 hutengwa kwa ajili ya masasisho kwenye kompyuta mpya, ondoa faili la hiberfil.sys linalotunza hali ya kompyuta inapolazwa usingizi mzito. Kinachobaki kinatosha kuwasha kompyuta, si kuisasisha: sasisho kubwa huweka mfumo mpya huku likiuhifadhi ule wa zamani ndani ya folda ya Windows.old. Kiwango cha chini kinachokuruhusu kusakinisha leo na kukunyima sasisho kesho hakistahili kuitwa kiwango.

Kwa aliyekwama na hitilafu 0x80070070, ambayo angalau ni ya kweli kuhusu kukosa nafasi, aanzie kwenye Mipangilio, aingie Mfumo, kisha Hifadhi, kisha faili za muda, na afute mabaki ya masasisho na usakinishaji uliotangulia. Ajue kwamba Windows.old hufutwa yenyewe baada ya siku 10, na akiifuta mapema hawezi tena kurudi kwenye toleo la awali. Ajihadhari pia, kwa sababu folda ya vitu alivyopakua imeorodheshwa humo humo pamoja na takataka. Nani aliyeamua kwamba nyaraka za mtu alizozipakua ni uchafu wa muda?

Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows na masasisho yake, msiiguse kwa mkono, hata mkishauriwa na nani. Ukubwa unaoonekana pale unapotosha, kwa kuwa faili nyingi ni zilezile za mfumo zilizohesabiwa mara mbili. Pimeni kwa amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, na ikipendekeza usafishaji, rudieni amri hiyo mkiweka /StartComponentCleanup mahali pa /AnalyzeComponentStore. Asiyehitaji kulaza kompyuta usingizi mzito anaweza kutumia powercfg /h off na kurejeshewa gigabaiti kadhaa, ingawa atapoteza uwashaji wa haraka. Na diski ya nje ya USB inaweza kutumika kama nafasi ya muda wakati wa sasisho kubwa.

Haya yote tunayafanya sisi, ilhali kinachodaiwa ni sentensi moja tu kwenye skrini: patisheni fulani inahitaji megabaiti kadhaa zaidi, na hivi ndivyo unavyoweza kuzipata bila kupoteza faili zako. Mwenye sasisho lililogoma aandike hapa namba kamili ya hitilafu, toleo la mfumo wake, na ukubwa wa kila patisheni kama unavyoonekana kwenye zana ya kusimamia diski. Tafadhali asifute patisheni yoyote kabla hajajibiwa.