Bosi kaniruhusu nifanyie kazi nyumbani, ila foleni naanza kuikumbuka

mtu_wa_Mbalizi
Wakuu habari za baridi. Huku Mbeya mi naishi Mbalizi, ofisi iko Uyole, kazi yangu kuingiza nyaraka za mizigo kwenye mfumo na kupiga hesabu za madereva, yaani laptopu na bando basi. Miaka miwili natoka ndani saa kumi na moja na nusu alfajiri, daladala hadi Kabwe, nashuka nagombania nyingine ya Uyole, na barabara si mnaijua ni hiyohiyo moja ya TANZAM, malori ya Tunduma, bajaji, bodaboda wote humohumo, sasa hivi na huu upanuzi wa njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi ndo vumbi na kusimamishwa. Lori likikata pumzi pale Iwambi mmelala.

Mwezi uliopita bosi kakubali Jumatatu na Ijumaa tu ndo niende. Nikapiga hesabu, nauli 2,500 kwa siku, nikaona nimeukata. Kumbe! Wife ananituma sokoni, majirani wananong'ona nimetumbuliwa, balozi wa nyumba kumi kaja mpaka kunipa pole. Juzi niko kwenye kikao cha video mama kaingia na ungo wa maharage tuchambue wote, "si umekaa tu mwanangu".

Mliopitia hii mlifanyaje?

Tukuyu_mvua
Usirudi mkuu. Mi nilikuwa naenda Mbeya na kurudi kila siku, kilomita kama 70 kwenda tu, ukungu wa Kiwira huoni hata taa za gari la mbele. Dawa yangu ni viatu. Asubuhi navaa viatu vya kazini humohumo ndani, watoto wakiviona miguuni wanajua baba hayupo. Saa saba navua nakula nao, saa nane navaa tena. Wiki ya kwanza walinicheka sana.

mama_pacha
Eti kutumwa sokoni 😂 kaka yangu umetumwa mara ngapi mpaka umefungua uzi? Mi nilipewa hiyo ruhusa nikawa naandika ripoti huku maharage yako jikoni, mtoto mgongoni, mgeni akipiga hodi lazima chai maana mwenyeji yupo. Ripoti naanza kuandika saa nne usiku wakilala. Niliirudisha ruhusa mwenyewe, kwenye daladala angalau nakaa chini, nikipata siti.

Afisa_mstaafu
Mnaofanya kazi usiku angalieni hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, zinazozidi ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Bosi akishajua uko nyumbani anapiga simu saa tatu usiku anaona kawaida tu. Kubalianeni kwa maandishi saa za kazi, nani analipa bando, na siku umeme ukikatika inakuwaje, kabla hamjaanza kununiana.

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene! Huku Iringa mi nilimfuata mwenye stesheneri jirani akanipa kona ya meza, LUKU tunachangia, natembea dakika tano. Nikitoka na begi asubuhi mtaa mzima unajua naenda kazini, umbea umeisha. Nyumbani nilikuwa najifungia na jiko la mkaa kwa ajili ya baridi, siku moja kichwa kikaniuma mpaka nikatapika, ni ule moshi usioonekana. Usijaribu kabisa, unaua.

mtu_wa_Mbalizi
Afisa nimekupata, Jumatatu naongea na bosi. Mama pacha pole dada, nimenyamaza. Nimeenda kwa jamaa wa stesheneri hapa karibu na stendi, meza anayo ila akienda kula niwe natoa kopi, nimekubali. Shida moja, mama kauliza ni duka lipi, anasema ataniletea maharage hukohuko.